Ndege Inashuka, Ndege Anashuka

Midway ya Roland Emmerich ilitoka Novemba 2019 na wakosoaji wengi hawakuipenda. Walisema mazungumzo yake ni makavu kama ubao, wake za marubani wamewekwa pale kuvaa magauni na kungoja, na kila mwanajeshi anaongea kama mtu anayejua kuna kamera. Sina la kubisha. Lakini filamu hiyo nimeitazama mara nne, na sababu ni moja: kuna dakika chache ndani yake ambapo rubani anaielekeza pua ya ndege chini na kushuka kama aliyeamua kufa, na katika dakika hizo Emmerich anajua anachofanya kuliko waongozaji wengi wanaosifiwa.

Mara ya pili niliitazamia Satellite, kwa kibanda cha video cha mabati kando ya Naivasha Road, bob 20 mlangoni, benchi za mbao, joto kama la jikoni. Ilikuwa kopi ya DJ. Kama umekulia Kawangware au Kibera huhitaji maelezo. Kama umekulia Lavington, sikiza: Kizungu kinapunguzwa sauti, halafu DJ anakusimulia filamu kwa Kiswahili na Sheng, anawabandika waigizaji majina ya mtaani, anawakemea wakifanya ujinga, na pale mwongozaji amekimbia yeye anapunguza mwendo akueleze nani ni nani. Kuna wasomi wanaoicheka kazi hii. Mimi naiweka rafu moja na ukosoaji, tena ukosoaji usio na woga, maana DJ hana nafasi ya kujificha nyuma ya "kwa upande mwingine".

Sasa, Dick Best, anayechezwa na Ed Skrein, alipoanza kuishukia manowari ya Akagi, DJ alipaza sauti: "Mwewe huyo! Anashuka! Anashukaaa!" Nikatega sikio. Mwalimu yeyote wa Kiswahili angemkata alama. Ndege wa manyoya anashuka. Ndege ya chuma inashuka. Tofauti ni ya irabu moja, na tumeimbishwa hiyo sheria tangu tukiwa wadogo. DJ aliivunja bila kufikiri, kwa sababu yeye hakuwa anaona chuma. Alikuwa anaona mtu amekaa ndani ya chuma. Tangu siku hiyo irabu hiyo ndiyo ninayotumia kupima filamu za ndege za vita, na hata majumba ya makumbusho yanayozihifadhi: huku wanasema ina, au wanasema ana?

Na mwewe ndilo jina lenyewe. Aliyesoma primary Nairobi anamjua. Uko uwanjani saa nne, mandazi mkononi, hujasikia chochote, ghafla upepo umekupiga uso na mandazi imeenda. Mwewe haji kwa pembeni. Anapanda, anazunguka, anachagua, anaanguka. Wanamaji wa Marekani, Japani na Uingereza walijenga ndege zao za miaka ya 1930 kwa hesabu hiyohiyo. Meli inayokimbia huku ikikata kona ni shabaha ngumu sana kwa bomu linaloachiwa kutoka juu na ndege inayoenda sawasawa. Kwa hiyo rubani wa Dauntless alipanda hadi mita 4,000 au zaidi, akafungua breki za nyuma ya mabawa, zilizotobolewa kama chujio, akashuka kwa nyuzi 70, karibu wima. Bila breki hizo ndege ingeshika kasi ambayo haiwezi kuinuka nayo tena. Bila yale matundu ingetetemeka mpaka shabaha ipotee machoni. Bomu lenyewe lilikaa chini ya tumbo, na halikuachiwa hivihivi. Mkono wa chuma ulilibembeza mbele na chini ili lisikatwe na propela, maana kwa pembe hiyo bomu na ndege vinaanguka njia moja. Likishatoka, mita 500 hivi juu ya maji, rubani alivuta usukani na mwili wake ukawa mzito mara tano na zaidi. Nyuma yake, kwa kiti kinachotazama mkia, alikaa mtu wa bunduki. Huyo alishuka akiipa shabaha mgongo. Wenzake wote waliona meli ikikua. Yeye aliona mbingu ikiondoka.

Emmerich anayaonyesha haya fiti kabisa. Anaiacha sitaha ya Akagi ikue kwenye kioo mpaka unashika benchi. Hata mtu wa bunduki, James Murray, anapewa woga wake kidogo, na hilo ni zaidi ya filamu nyingi za aina hii. Kinachomshinda ni kila kitu kilicho sawa na ardhi. Watu wakisimama wakaongea, filamu inakuwa brosha.

Ukitaka kuiona Dauntless ya kweli iliyokuwa Midway, nenda Pensacola, Florida, kwenye makumbusho ya taifa ya urubani wa wanamaji. Nambari yake ni 2106. Ilikuwa Pearl Harbor Desemba 7, 1941. Juni 4, 1942 ilirudi kisiwani Midway na matundu 219 ya risasi, rubani Daniel Iverson mbele, Wallace Reid nyuma na bunduki. Baadaye ikapelekwa kufundishia kwenye Ziwa Michigan, karibu na Chicago. Huko wanamaji walikuwa wamechukua meli mbili za abiria za magurudumu ya pembeni, wakaziwekea sitaha juu, wakaziita Wolverine na Sable, na vijana wakawa wanajifunza kutua juu yake. Zaidi ya ndege 100 ziliingia majini. 2106 ilizama Juni 1943, ikalala kwenye maji baridi yasiyo na chumvi miaka 50, ikatolewa 1994. Vindicator, iliyoitangulia Dauntless kazini, imebaki moja tu duniani kote, nayo ilitolewa ziwa hilohilo. Yaani zilizotimiza kazi ziko chini ya Pasifiki zikiliwa na chumvi, na zilizobaki tunazidai vijana walioteleza mazoezini.

Kuna utamu mmoja zaidi kuhusu 2106. Siku yake kubwa, ndege hiyo haikupiga mbizi. Kamanda wa kikosi chake, Meja Lofton Henderson, alikuwa na marubani wachanga ambao hawakuwa wamezoea ule wima, akaamua washuke kwa mteremko wa kawaida. Walienda 16, wakarudi 8. Henderson hakurudi. Hakuna bomu lao hata moja lililoipiga meli. Kwa hiyo ndege ya mbizi maarufu kuliko zote zilizobaki inatukuzwa kwa asubuhi ambayo haikufanya ile kazi iliyoundiwa, na hakuna filamu itakayothubutu kuanza na hiyo stori, ingawa ndiyo yenye watu ndani: vijana wanane kwa wanane, na mkubwa wao aliyechagua njia rahisi kwa kuwahurumia, ikawa ndiyo inayowapa adui muda wa kulenga.

Upande wa Japani hali ni mbaya zaidi. Ndege yao ya mbizi, Aichi D3A, ilizamisha meli nyingi za Washirika, na leo hakuna hata moja ya asili inayoruka. Lakini Wamarekani walipotengeneza filamu ya Tora! Tora! Tora! mwaka 1970 walichukua ndege zao za mafunzo, wakazichonga na kuzipaka rangi zifanane na za Japani, na hizo bandia zinaruka kwenye maonyesho mpaka leo. Orijino imekufa, feki inadunda. Gikomba wangeelewa bila kuelezwa.

Makumbusho ninayoyakubali ni yale ya wanamaji wa anga wa Uingereza, huko Yeovilton, kwa kitu kimoja tu. Wana mabaki ya Blackburn Skua, nambari L2940. Skua ndizo zilizoizamisha meli ya Kijerumani Königsberg bandarini Bergen, Aprili 10, 1940, zikiwa 16, na hiyo ndiyo meli kubwa ya kwanza ya kivita kuzamishwa na ndege za mbizi. L2940 ilianguka siku chache baadaye, Aprili 27, juu ya ziwa lililoganda nchini Norwei. Barafu ilipoyeyuka ikazama, wakaitoa 1974. Na hawakuipaka rangi ikang'aa. Wameilaza pale imekunjika kama ilivyotoka majini. Ukiiangalia hata kwa picha unajua kwamba watu fulani walikuwa ndani kilipokunjika.

Kisa cha watu hao kina filamu yake, Into the White ya Petter Næss, ya 2012. Karibu haina ndege. Waingereza wawili wa Skua na Wajerumani waliowaangusha wanajikuta kwenye kibanda kimoja, theluji imewafungia, chakula hakuna, na mtu wa bunduki ni Rupert Grint, yule Ron wa Harry Potter. Ni filamu ya polepole, na kuna mahali nilishika simu. Ukarimu wake nao unakuja mapema mno. Maadui wanapatana kabla hatujaamini kwamba wangeweza kuuana. Lakini ukiimaliza unajua nani anakoroma, nani ana jeraha linalooza, nani anaogopa kulala. Næss anasema ana tangu mwanzo hadi mwisho. Hamna kibanda cha video Satellite kitakachoionyesha, na sioni ubaya. Mtu aliyelipa bob 20 baada ya siku nzima ya mjengo ana haki ya kuona kitu kikilipuka.

Kinachoniuma kwenye Midway ni kingine. Siku hiyo kibandani, jamaa nyuma yangu alisema, "Hii ni vita ya Wamarekani na Wachina." Wakamcheka: "Ni Wajapani, wewe!" Hakuna aliyesema kwamba vita hiyo ilitufikia. Wangejulia wapi? Emmerich anapita Pasifiki nzima, kutoka Pearl Harbor hadi Tokyo hadi Midway, na Bahari ya Hindi haikanyagi.

Chukua zile manowari nne za kubeba ndege zinazoungua mwishoni mwa filamu: Akagi, Kaga, Soryu, Hiryu. Miezi miwili tu kabla ya hapo, tatu kati yake zilikuwa kwenye bahari yetu. Kaga peke yake ndiyo iliyokuwa nyumbani ikitengenezwa. Jumapili ya Pasaka, Aprili 5, 1942, ndege za mbizi za Japani ziliziona meli mbili za Uingereza kusini mwa Ceylon, Cornwall na Dorsetshire, na kuzizamisha kwa muda mfupi kuliko kipindi kimoja cha darasani. Walikufa watu 424. Aprili 9 wakaizamisha Hermes, manowari ya kubeba ndege ambayo siku hiyo haikuwa na ndege hata moja, wakafa 307. Hermes hiyohiyo ilikuwa pwani ya Somalia Februari 1941, ikisaidia majeshi yaliyotoka Kenya kuwafukuza Waitaliano, askari wa KAR wakiwemo. Admirali Somerville alipoona mambo yamekuwa mabaya alizirudisha meli zake nyuma. Nyuma ni wapi? Kilindini. Mombasa ikawa makao ya kikosi kizima cha mashariki.

Ukishajua hilo, dakika zile za kushuka zinabadilika. Best anapoipiga Akagi, anaipiga meli iliyokuwa imesafisha njia ya kuja kwetu. Filamu haikulazimika kutuonyesha Mombasa; sentensi moja ya afisa mbele ya ramani ingetosha, na maafisa mbele ya ramani wamejaa tele mle ndani.

Tena kuna sehemu ya filamu inayohusu wavunja siri. Rochefort na kikosi chake wako chini ya jengo Pearl Harbor, yeye kavaa joho la nyumbani, wanachambua ujumbe wa Japani hadi wanajua shambulio litakuwa Midway. Ni sehemu nzuri kuliko zote za nchi kavu. Basi, mwaka huohuo, Waingereza waliokuwa wakifanya kazi ileile Colombo walihamishiwa Mombasa, wakawekwa kwenye shule: Allidina Visram. Shule iko pale mpaka leo, na wanafunzi wake wanalalamikia hesabu kama wanafunzi wengine wowote. Novemba 1942 watu hao waliivunja siri iliyotumiwa na meli za mizigo za Japani. Hakuna aliyeitengenezea filamu. Sijui kama mwongozaji anaweza kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo: kengele ya shule, joto la pwani, na vita vya bahari nzima vinasomwa kwenye dawati la mtoto.

Na Nairobi? Nairobi ilikuwa na meli. Sitanii. Wanamaji wa Uingereza wana desturi ya kukiita kituo chao cha nchi kavu meli, na kukipa jina la meli. Karakana yao ya kutengeneza ndege hapa Nairobi, kilomita karibu 500 kutoka baharini, iliitwa HMS Korongo. Kituo cha ndege cha Tanga kiliitwa HMS Kilele. Upande wa Mombasa kulikuwa na HMS Kipanga. Angalia hayo majina. Korongo ni wale wazee wenye vipara wanaokaa juu ya miti ya roundabout ya Nyayo wakikunyea ukishuka matatu. Kipanga ni binamu wa mwewe, naye kazi yake ni kushuka. Kuna mtu aliketi akachagua ndege wa Kiswahili, wa manyoya, kuziitia ndege za chuma, miaka mingi kabla DJ wa Satellite hajakosea sarufi vilevile.

Majina yalichukuliwa, basi. Waliokuwa wakiyasema majina hayo nyumbani waliingia wapi kwenye stori? Wakenya karibu 98,000 walivaa sare ya Mwingereza vita hiyo. Wengi hawakupewa bunduki kwanza. Walipewa sepetu na mizigo. Wachimba njia, wapakia mabomu, madereva, wapishi. Na hapa Kiswahili kina kumbukumbu kali kuliko sinema yoyote. Wamarekani wanaiita manowari ya kubeba ndege "carrier", na neno hilo kwao ni chuma cha tani elfu nyingi. Sisi neno hilo tulikuwa nalo mapema zaidi, kutoka vita ya kwanza, likiwa na maana ya mabega ya mtu: Carrier Corps, wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu wakiwabebea askari chakula na risasi hadi Tanganyika. Tukalitamka tunavyotamka sisi, likawa Kariokor. Dar likawa Kariakoo. Leo unaenda huko kula nyama choma na kununua kiondo. Ukiniuliza ni masalia gani ya vita tunayo yanayolingana na 2106, nitakupeleka hapo kwanza, halafu Kibera, mtaa ulioanza kwa askari Wanubi wa KAR waliopewa mahali pa kukaa msituni na kuachwa wagombanie hati zake miaka mia.

Halafu kuna makaburi ya vita ya Ngong Road, yaliyofunguliwa 1941. Kutoka Satellite ni karibu. Unafika Dagoretti Corner, unaendelea kuelekea Racecourse. Makaburi karibu 2,000 ya vita hiyo, nyasi imekatwa kuliko uwanja wowote wa shule zetu. Nimepita pale nikisoma majina, na nakuambia hakuna filamu ya ndege iliyowahi kunitikisa kama kutembea mstari mmoja wa mawe hayo polepole. Jiwe halina pembe ya nyuzi 70. Lina jina, kikosi, tarehe. Linasema ana.

Sitaki Emmerich aje kuitengeneza. Angetujengea Mombasa kwa kompyuta na kuilipua. Nataka mtu wa hapa, hata kama ana kamera moja na mkopo wa chama, atuwekee 1942 kwenye madarasa ya Allidina Visram na magati ya Kilindini: Mwingereza aliyechoka anasoma namba, kuli anayepanda ngazi na gunia la makaa, mama anayewauzia wote wawili mahamri na kujua ya kila mmoja, na habari za Pasaka zikiingia polepole kupitia mabaharia waliookolewa. Bajeti itatosha. Ndege zionekane mara mbili tu, tena kwa mbali.